Mchele wa Ramadhani: wa waumini peke yao au wa avenue (mtaa) nzima?

Mwanzisha mada, Birere

Asalamu alaykum, na salamu kwa wote mlio wa dini nyingine. Naleta hoja iliyogawanya kamati yetu ya msikiti hapa Goma. Mfanyabiashara mmoja wa hapahapa ametoa magunia ya mchele na maharagwe, akasema: "Wagawieni masikini wa avenue." Hakutaja Waislamu. Nusu ya kamati inataka orodha ya waumini tu. Nusu nyingine inataka nyumba kwa nyumba, mtu awe wa msikitini, wa CBCA (kanisa la Kiprotestanti) au wa parokia. Mimi niko na hawa wa pili, nawaambia mapema msije mkanidhania mwamuzi.

Tusichanganye mambo. Zaka ya mali ina wenyewe. Sura At-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane, na sahaba Muadh alipotumwa Yemen na Mtume aliagizwa kwamba ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafakiri wao. Ndiyo maana madhehebu manne yanasema ile asilimia 2.5 ni ya Waislamu, na mjadala unabaki kwa kundi moja kati ya hayo, wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Hapo sibishani. Lakini mchele huu si zaka, ni sadaka, na sadaka haiulizi dini. Sahaba Abdullah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akawa anauliza na kurudia: mmempelekea jirani yetu Myahudi?

Mwaka jana nilikuwa geti nikishika kipimo, kopo la maziwa la Guigoz. Akaja mama mmoja na ndobo (ndoo) yake, kijana wa orodha akamwuliza anaswali wapi. Akasema haswali kwetu. Akaambiwa apishe wengine. Hakugomba, aliweka ndobo kichwani akatoka. Nyuma yake alikuwapo hajati wa parsele (kiwanja) moja naye. Alipokwisha kupimiwa alimfuata pale nje, akammiminia nusu. Sisi tuna orodha, avenue ilishajigawia.

Mwalimu wa madrasa, Majengo

Kaka, maneno yako matamu ila hesabu haipo. Waislamu katika nchi hii ni wachache. COMICO, jumuiya ya Waislamu wa Kongo, imetambuliwa na serikali tangu 1972, lakini linganisha shule, vituo vya afya na vyakula vya makanisa na vyetu. Wakatoliki wana Caritas, shirika lao la misaada. Yatima wa madrasa yangu wana nani? Wanakuja asubuhi hawajanywa hata uji. Wazee walisema wa karibu ndio wa kwanza kwa wema.

Na hadithi iko katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi: asile chakula chako ila mchamungu. Utaifanyaje hiyo?

Jambo la mwisho, na ndilo linalonitisha hasa. Mkipita kwa Wakristo na mchele, kesho mtaambiwa mnanunua watu. Hapa mjini neno kama hilo halichelewi.

Jirani, Ndosho

Munisamehe kuingilia, miye niko Mukatolika. Volkano ya tarehe 22 Mei 2021 ilipotoka, nyuma ya siku tano tukaambiwa tuhame, tulitembea na bajirani Baislamu mpaka Sake. Tulipika sufuria moja. Hakuna mutu aliuliza Caritas iko wapi ao imamu iko wapi. Na hiyo Caritas munayosema, haigawie Bakatolika peke yao. Nimemaliza.

Muuza vitenge, Virunga

Natoka kidogo nje ya mada, shehe atanivumilia. Pesa zangu ziko benki, na benki za Goma zilifungwa Januari 2025, sizifikii. Kwa karatasi mimi ni mtu wa kutoa zaka. Kwa mfuko ninakopa bidhaa. Mwaka huu niko kwenye orodha ipi, ya watoaji au ya wapokeaji?

Mwanzisha mada, Birere

Mama, la kwako ni zito kuliko letu. Mahanafi wanasema mali usiyoweza kuifikia haina zaka kwa miaka iliyopita. Mashafii, ambao ndio wengi wetu huku, wanaihesabu, ila hutoi mpaka uishike. Na hao hao Mashafii wanakuruhusu upokee ikiwa huna cha kula hadi mali yako ikufikie. Mwone imamu, usione haya. Katika yale makundi manane, wenye madeni wana fungu lao.

Mwalimu, hadithi yako naikubali, lakini mwanachuoni Al-Khattabi aliieleza kuwa ni chakula cha mwaliko na usuhuba. Chakula cha shida ni jambo jingine. Qur'ani imewasifu wanaolisha masikini, yatima na mateka (76:8), na mateka wa wakati ule hawakuwa Waislamu. Hata zakatul-fitri, ambayo Mashafii hawampi asiye Mwislamu, Abu Hanifa, imamu wa Mahanafi, aliruhusu. Yatima wako wawe wa kwanza kwenye orodha, nani amekataa? Wa kwanza, siyo wa pekee.

Hilo la kununua watu ndilo limenikosesha usingizi, maana ni kweli. Kwa hiyo nasema hivi: pasiwe na mawaidha siku ya kugawa, pasiwe na banderole (bango la kitambaa) wala foto za mama na gunia kichwani. Jetoni (tiketi za kuchukulia) zipelekwe nyumbani mapema, mtu aje achukue kama anavyochukua chake. Atakayetaka kutuuliza dini yetu, Ijumaa mlango uko wazi.

Mama wa makala (mkaa), Katoyi

Nimesoma nyote, wanaume mnabishania nani Mwislamu na nani si Mwislamu. Orodha ya nyumba kwa nyumba ataiandika nani? Mkimpa shefu wa avenue, ataanza na shemeji zake. Mkimpa kiongozi wa nyumba kumi, ni hivyo hivyo. Sisi tunaouza makala tunajua. Aliyekuwa akinunua gunia akashuka kwenye ndobo, kisha kisahani, kisha akaacha kuja kabisa, huyo hapiki. Na wengi wa hao hawatasimama getini kwenu hata mkipiga adhana ya mchele.

Mwalimu wa madrasa, Majengo

Hapo Mama Makala amesema. Mimi bado nataka mifuko miwili na madaftari mawili, zaka huku, sadaka kule, mtunza hazina asiseme alichanganya. Kwa sharti hilo sadaka iende avenue nzima. Ila banderole sikubali iondolewe. Mfadhili wa mwakani atajuaje kwamba tuligawa?

Mwanzisha mada, Birere

Atasoma daftari. Tena huyu wa mwaka huu ametukataza tusimtaje jina, sasa banderole utaandika nini? Mama Makala, wewe na wenzako wawili njooni Jumamosi baada ya adhuhuri na majina yenu. Nani mwingine ana neno juu ya banderole?