Mada: Slipu inasema laki saba, benki inasema karibu milioni mbili. Mshahara wangu ni upi?

Kutoka: Dada wa Nyakato

Ndugu zangu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay mlioko Mwanza, salaam. Wazee, shikamoni.

Nimetoka kwenye dirisha la vibali vya kazi sasa hivi, naandika nikiwa kwenye benchi nje. Kibali changu cha kazi daraja B kinaisha mwezi ujao. Nilipeleka kila kitu: barua ya mwajiri, mkataba, TIN (namba ya mlipa kodi), slipu za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki. Kijana wa dirishani akapanga slipu upande huu na taarifa ya benki upande ule, akachukua kalamu nyekundu akaanza kuzungushia. Machi: slipu 700,000, benki 588,000 baada ya makato, na siku nne baadaye 1,300,000. Aprili: 588,000 na 200,000. Mei: 588,000 na 950,000. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, mshahara wako ni kiasi gani?" Nilikosa la kumjibu.

Hizo za pili ni kamisheni. Nauza sabuni na mafuta ya kula kutoka kiwandani kwa maduka ya jumla, ruti yangu ni Makoroboi hadi Igoma. Mkataba unasema "mshahara, pamoja na malipo mengine kulingana na mauzo". Asilimia haikuandikwa popote. Na kamisheni haitoki kwenye akaunti ya kampuni, inatoka kwa simu ya bosi.

Kwenye fomu kuna mstari mmoja tu wa mshahara wa mwezi. Nikiandika laki saba, benki inanikana. Nikiandika milioni mbili, slipu inanikana, na Aprili sikuipata hiyo milioni mbili. Niandike ngapi? Natakiwa kurudi Alhamisi.

Kutoka: Mzee wa Pasiansi

Marahaba binti yangu, na pole. Hilo swali la mshahara ni kiasi gani, mimi nimeulizwa hata na mke wangu.

Nilifanya kazi hiyo miaka minne, nikapewa visiwa: Nansio, Ukara, na huko mbele. Tageti ilikuwa katoni 400 kwa mwezi. Ukizifikia unapata kamisheni, usipozifikia unapata besiki, yaani mshahara wa msingi, peke yake, hata ukikosa katoni tatu. Sasa kisiwani watu hawafuati kalenda ya ukutani, wanafuata mwezi wa angani. Giza likiingia mitumbwi inatoka na taa, asubuhi dagaa wametandazwa mchangani, pesa inazunguka. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanalala, wanashona nyavu, duka linapoa. Pale Bwisya kulikuwa na mama mwenye duka aliyekuwa akifungua daftari lake mbele yangu, ananionyesha majina ya wanaodaiwa, anafunga. "Rudi giza likiingia." Na hakuwahi kunidhulumu hata katoni moja. Lakini giza likiangukia tarehe 28, mauzo yangu yanahesabiwa nusu mwezi huu, nusu mwezi ujao, na pote pawili sifikii 400.

Mwenzangu alipewa Geita. Katoni zile zile, asilimia ile ile. Kule kuna dhahabu, watu wananunua mwaka mzima. Alikuwa akipata mara tatu yangu na hakuwa ananizidi kuuza. Aliyepewa Magu na Kwimba yeye alisubiri Mei, wakulima waanze kuuza pamba, kisha anavuna miezi mitatu, halafu ukame. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kamisheni inapima bidii. Inapima umepangiwa wapi.

Kutoka: Msafiri wa Sengerema

Mzee umesema kweli, ongeza na daraja la Kigongo hadi Busisi. Kabla ya Juni 2025 tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko pale Kigongo, kampuni ilinilipa posho ya kivuko na ya kulala kwa sababu kurudi siku hiyo hiyo ilikuwa bahati. Daraja likafunguliwa, kilomita 3 unazimaliza kwa dakika chache. Nililifurahia kama kila mtu. Mwezi uliofuata posho ya kulala ikafutwa, na tageti ikapandishwa kwa kuwa "sasa una muda". Mafuta ya pikipiki ni yale yale niliyokuwa nikipewa zamani, na maduka yameongezeka. Nikipiga hesabu mkononi nabaki na pungufu ya nilichokuwa nacho enzi za kivuko, na slipu haijabadilika hata shilingi.

Kutoka: Baba Junior, Buhongwa

Jamani tusome kabla ya kujibu. Dada, una hakika ni daraja B? B ya kibali cha KAZI ni ya taaluma zilizoorodheshwa, kama madaktari na walimu wa sayansi na hesabu. Afisa mauzo ni C. B uliyonayo ni ya kibali cha UKAAZI. Hili tumelisema humu mara nyingi na kila mara mtu anachanganya, halafu anajaza fomu vibaya na kulaumu dirisha.

Pili, kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imetaja kamisheni waziwazi ndani ya mapato ya ajira. Hakuna cha "hiyo ni ya pembeni". Chukua Machi yake. Kwenye slipu: 700,000, toa NSSF (akiba ya hifadhi ya jamii) 70,000, inabaki 630,000, PAYE (kodi ya mshahara) ni 42,000. Ikiunganishwa na kamisheni: 2,000,000, toa NSSF 200,000, inabaki 1,800,000, PAYE ni 368,000. Tofauti ni 326,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ndiyo sababu kamisheni inatoka kwa simu ya bosi. Na NSSF yake inakatwa kwenye laki saba, kwa hiyo siku akiondoka atakuta akiba ya mtu wa laki saba.

Kutoka: Mama wa Igoma

Baba Junior, hesabu zako sawa lakini punguza ukali, huyu dada yuko kwenye shida.

Mimi nataka kusema kuhusu mali kauli, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia. Tajiri wa duka anachukua katoni 60 kwa neno lake, atalipa Ijumaa. Mauzo yanahesabiwa siku ya kushusha mzigo, kamisheni nalipwa, natuma nyumbani ada ya mtoto. Mwezi wa tatu duka limefungwa, shata chini, simu haipatikani. Kampuni ikaichukua tena kamisheni ile, SAWA, halafu ikaanza kunikata na thamani ya mzigo wenyewe, laki moja na nusu kila mwezi, miezi kumi na moja. Ile stakabadhi ya mzigo niliisaini mimi kama shahidi, wao wakasema nimesaini kama mdhamini. Nilikuwa naamka usiku kuhesabu miezi iliyobaki. Dada, kabla hujafika kwenye fomu, angalia ulichosaini dukani.

Kutoka: Dada wa Nyakato

Asanteni sana. Baba Junior, nimekiangalia, ni C, samahani. Mama wa Igoma, pole mno, nitaangalia stakabadhi zangu zote usiku huu.

Lakini bado sijaelewa. Kwenye ule mstari, niandike ngapi?

Kutoka: Aliyerudi kutoka Minnesota

Naomba kuchangia kidogo. Kule Marekani kazi hii serikali yenyewe inaitenga mafungu mawili kwenye takwimu. Wanaouza vitu vya kitaalamu, dawa, mashine, vifaa vya hospitali, yule wa katikati anapata karibu dola 100,000 kwa mwaka. Wanaouza bidhaa za kawaida kama sisi, sabuni na vyakula, ni kama 66,000. Kiwanda unachouzia ndicho kinachoamua, kabla hata ya bidii yako. Kisha kuna W-2 na 1099, fomu za kodi za mwajiriwa na za anayejitegemea. Wa W-2 anakatwa kodi na mwajiri, wa 1099 anajilipia mwenyewe, pamoja na ile asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Wengine hupewa "dro", yaani kamisheni ya kesho unayokopeshwa leo, na usipouza unabaki na deni. California tangu 2013 mkataba wa kamisheni lazima uandikwe, uonyeshe jinsi inavyohesabiwa, na usainiwe.

Kutoka: Baba Junior, Buhongwa

> California tangu 2013 mkataba wa kamisheni lazima uandikwe

Ndugu, hatuko California, tuko Buhongwa, na huna haja ya kuvuka bahari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya hapa, ya 2004, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi malipo yako NA namna yanavyohesabiwa. Kesi ikifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) na yeye hana maandishi, ni juu yake kukanusha unachodai. Madai ya malipo yanatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60, msisubiri mwaka kama nilivyofanya mimi. Nilikwenda na madai ya kamisheni ya miezi saba, niliposikia hesabu ya siku nilikaa chini.

Kutoka: Msafiri wa Sengerema

CMA kwa mgeni ni rahisi kusema. Ukimshtaki mwajiri, nani atasaini barua ya kuongeza kibali? Na tangu ile amri ya Julai 2025 ya kukataza wageni biashara za jumla na rejareja, kila ninapoingia dukani na mzigo naulizwa kitambulisho. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tulilisaini la nini 2009, likaanza 2010?

Kutoka: Baba Junior, Buhongwa

Amri ile ni ya leseni za biashara, haimhusu mwajiriwa mwenye kibali. Tusitishane.

Kutoka: Mama wa Igoma

Haimhusu kwenye karatasi. Dukani inamhusu. Mimi nimeitwa "ninyi Wakenya" na mteja niliyemuuzia miaka mitatu, mteja niliyekwenda kwenye msiba wa mama yake Misungwi. Nilitoka nikaenda kukaa pale Kirumba nikaangalia maji. Ni maji yale yale yanayopiga Dunga, kule Kisumu. Huku nasema sato, sangara, dagaa, nikipiga simu nyumbani ulimi unarudi kwenye ngege, mbuta, omena. Siku ile nilitamani mtu aniambie omena.

Kutoka: Mzee wa Pasiansi

Mama, pole. Hao wanaosema hivyo si wengi. Yule mama wa Bwisya mpaka leo ananipigia simu giza likiingia.

Jumamosi nakwenda Sirari, navuka hadi Migori na Kisumu. Mwenye mzigo aulete Buzuruga kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, umefungwa vizuri, jina na simu ya mpokeaji juu. Dagaa wafungwe mara mbili, safari iliyopita basi zima lilinuka na nikagombana na kondakta.

Kutoka: Dada wa Nyakato

Mzee, nitaleta kilo tano za dagaa wa Mwaloni, za mama yangu, pale Kibuye, Kisumu. Nitakuja nazo Ijumaa jioni, kwa sababu Alhamisi niko dirishani saa tatu. Nimemwomba bosi barua inayotaja kamisheni na asilimia. Amesema ataangalia.