Jenasi ya simba na jenasi ya mlinganyo

Swali: Ndugu zangu, nilifundishwa kwamba simba na chui wamo katika jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Panthera, lakini sasa kitabu cha jiometria ya kialjebra, yaani hisabati ya maumbo yanayotokana na milinganyo, kinaniambia kuwa jenasi ni namba. Je, kuna uhusiano?

Jibu la kwanza: Asili ni moja, yaani neno la Kilatini lenye maana ya ukoo au aina; matumizi ndiyo yaliyoachana. Katika hisabati, masuluhisho ya mlinganyo wenye vigeu viwili katika namba changamano (zenye kipeo cha pili cha −1 ndani yake) huunda uso, na jenasi ni idadi ya matundu yake: mpira una 0, pete ina 1. Mlinganyo wa digrii d (kipeo chake kikubwa kabisa), ikiwa umbo lake ni laini, yaani halina ncha wala mahali linapojikata, huwa na jenasi (d−1)(d−2)/2. Namba hiyo ina nguvu ya ajabu, kwa maana mwanahisabati Gerd Faltings alithibitisha mwaka 1983 kwamba jenasi ikizidi 1, idadi ya masuluhisho katika namba wiano (namba nzima na sehemu) huwa na ukomo.

Jibu la pili: Niongeze kwamba jenasi ya wanabiolojia haikokotolewi, mpaka wake huwekwa kwa makubaliano ya wataalamu, ingawa siku hizi hutakiwa kufuata nasaba. Ndiyo maana duma, ingawa ana madoa kama chui, yumo katika jenasi nyingine, Acinonyx.