Dodoma ilichorewa njia za mabasi tangu 1976, leo tunabanana kwenye Hiace kupisha mashangingi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Leo nimetoka Kizota saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Konda kajaza mpaka mlangoni, bado anagonga bati, "sogeeni nyuma, kuna nafasi!" Nimeshuka mjini, nikagombania gari ya pili ya Mtumba, kule mji wa Serikali. Njiani tukasimamishwa kupisha msafara. Injini imezimwa, madirisha mawili hayafunguki, dada mjamzito kasimama mpaka mzee mmoja akaona aibu kwa niaba ya vijana akampisha. Nimeingia kazini saa mbili na nusu. Ningeongeza saa moja tu, kwa SGR, treni ya umeme, ningekuwa nimeshafika Dar! Na Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Bosi neno foleni hataki kulisikia, yeye anakuja na V8.

Sasa hiki ndicho kinachonichoma. Mji huu haukuota kama uyoga, ulichorwa. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, waliletwa wataalamu kutoka Toronto, Kanada, na mpango wao wa 1976 ulikuwa na barabara za mabasi peke yake, za kuunganisha makazi na katikati ya mji. Mtu atembee, aendeshe baiskeli, apande basi. Gari binafsi lilikuwa la mwisho kufikiriwa. CDA, mamlaka iliyopewa kazi ya kuujenga mji huu, wamekaa na michoro mpaka walipovunjwa 2017, na Dar wakawa wamepata mwendokasi, mabasi yenye njia zake, tangu Mei 2016. Najua shida zake, abiria wa Kimara huko Dar wasinishambulie. Lakini basi likishakuja, linapita katikati magari madogo yakilitazama. Sisi hata mstari wa rangi hatuna.

Mtaniambia kuna barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Ni nzuri, malori ya Singida na Iringa yasituingilie mjini. Ila mama wa Nkuhungu anayewahi soko la Majengo inamsaidia nini? Na mkipanua za mjini bila kutenga njia ya basi, Prado na bajaji zitazijaza kabla rangi haijakauka. Coaster moja ina watu 25 na zaidi, inakula nafasi ya magari madogo mawili ambayo kila moja lina dereva na mkoba wake. Hapo anayepaswa kupishwa ni nani?

Nafasi ipo. Hapa si Kariakoo. Kuanzia Nanenane kwenda Ihumwa kila anayepita anaona pembeni palivyo wazi. Wala hatujaomba zege na vituo vya vioo. Pigeni rangi njia moja, iwe ya daladala asubuhi na jioni, trafiki asimame hapo akamate kweli. Na misafara isiruhusiwe humo, maana nawajua, wiki ya pili tu itageuka njia ya wakubwa.

Wa njia ya Mtumba, leo mmefika saa ngapi? Mimi nawahi kituoni, saa hizi wameshaanza kukatisha ruti.