Mama yuko Tanga, nyumba iko Columbus: kuandikisha hati kaunti

Kutoka kwa: Dada, Columbus

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga popote mlipo. Mama amerudi Ngamiani moja kwa moja, na nyumba waliyonunua na marehemu baba hapa Columbus, Ohio, Marekani, anataka iwe kwa jina langu. Jirani ananiambia nichapishe fomu ya mtandaoni ya hati ya kuhamisha nyumba, mama aisaini kwa wakili pale mjini Tanga, airudishe, niipeleke ofisi ya kaunti inayoandikisha hati, basi. Ni hivyo kweli? Na kaunti wakishagonga muhuri, nyumba imekuwa yangu?

Kutoka kwa: Kaka, Columbus

Waalaykum salaam dada. Naanza na la muhuri, maana ndilo linalowaponza wengi wetu. Nyumbani tumezoea kwamba hati ikisajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, daftari lenyewe ndilo linalosema mwenye mali ni nani. Ohio kwa sehemu kubwa haiko hivyo. Kaunti inapokea waraka, inaupa namba, inaandika tarehe na saa, inauweka kwenye kumbukumbu ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Haithibitishi kwamba aliyesaini alikuwa na haki ya kutoa. Umiliki unahama mama anaposaini na kukukabidhi hati kwa nia ya kukupa. Kuandikisha ni kuutangazia ulimwengu, asije mnunuzi au mdai akasema hakujua. Kwa hiyo hati ikishasainiwa usiilaze kabatini, lakini usidhani pia kwamba muhuri unaponya hati mbovu.

Sasa la baba, nalo ndilo zito. Tafuta hati waliyonunulia, usome majina yao yalivyoandikwa. Kama ilisema aliyebaki hai anachukua yote, mama anaandikisha kwanza kiapo cha maandishi pamoja na nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kifo, ndipo nyumba inasomeka yake peke yake. Kama haikusema hivyo, fungu la baba linapita mahakama ya mirathi ya Ohio, na hakuna fomu ya mtandaoni itakayolivusha. Kama baba alifariki Tanga, cheti ni cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Mwombe mama akiangalie herufi kwa herufi. Kumbukumbu za kaunti zinatafutwa kwa jina la aliyetoa na aliyepokea. Kama hati ina majina mawili na pasipoti ina matatu, au Mwanahamisi imeandikwa Mwanahamis, hati mpya iseme wazi kwamba huyo ni mtu mmoja, la sivyo atakayeichunguza baadaye atadhani mnyororo wa umiliki umekatika.

Hati mpya itaje pia kwamba mama ni mjane. Ohio bado inampa mke au mume haki katika nyumba ya mwenzake, na mwenye ndoa akisaini peke yake huacha doa kwenye umiliki. Anwani ya mtaa pekee haitoshi. Nakili maelezo ya kiwanja kama yalivyo kwenye hati ya zamani, mstari kwa mstari. Wanapima hata karatasi: inchi 3 wazi juu ya ukurasa wa kwanza, inchi 1 pembeni na chini, herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 10, wino mweusi au wa bluu. Ukikosea wanaongeza dola 20. Na usianzie dirisha la usajili. Anzia mlango ulioandikwa Auditor, yaani mkaguzi wa hesabu wa kaunti, wahamishe jina kwenye vitabu vya kodi. Zawadi ya mzazi kwa mwanawe haitozwi ada ya mauzo, unajaza fomu ya msamaha, DTE 100EX.

Lakini dada, kwa maoni yangu, msikimbilie kuhamisha. Ohio inamruhusu mama aandikishe kiapo cha kumtaja atakayepokea nyumba siku akifariki. Anabaki mwenye mali, anaweza kubadili, na nyumba haipiti mahakama ya mirathi, ilimradi kiwe kimeandikishwa kaunti angali hai. Njia yoyote mtakayochagua, muone mhasibu kwanza. Kama mama amesharudisha kadi ya ukaazi na makazi yake sasa ni Tanga, mali yake iliyoko Marekani inasamehewa kodi ya urithi hadi dola 60,000 tu, na zawadi ya nyumba nayo ina kodi yake. Nyumba ya Columbus inaupita mpaka huo kwa mbali. Na kama benki bado inadai, waulizeni kabla hamjasaini.

Kutoka kwa: Mjomba, Raskazone

Mwanangu, kaka yako kasema vema. Mimi naongezea la saini, maana niko huku. Wakili wa Tanga anaweza kugonga muhuri vizuri kabisa, ila kampuni ya bima ya hatimiliki huko, ile inayomlinda mwenye nyumba kasoro za umiliki zikigundulika, ndiyo itakayosema kama inaukubali, kwa hiyo waulize kabla mama hajamlipa mtu. Njia isiyobishaniwa ni ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, Barabara ya Old Bagamoyo. Anaweka miadi mtandaoni, anakwenda na pasipoti, analipa dola 50 kwa kila muhuri. Asisaini nyumbani, asaini mbele ya afisa.

Kutoka kwa: Dada, Columbus

Shikamoo mjomba, ahsanteni sana. Hati ya zamani nimeiona, inasema aliyebaki hai anachukua yote, alhamdulillah. Ila magoti ya mama hayaruhusu basi la Dar. Anaweza kunipa uwakili, yaani idhini ya maandishi, nisaini mimi kwa niaba yake?

Kutoka kwa: Kaka, Columbus

Anaweza, ila hati ya uwakili nayo inasainiwa mbele ya afisa na kuandikishwa kaunti kabla ya hati ya nyumba, kwa hiyo safari haijaepukwa. Muulize mwanasheria kuhusu mthibitishaji wa saini (notary) wa Ohio anayefanya kazi kwa video. Sheria inamruhusu kumhudumia mtu aliye nje ya nchi mali ikiwa Marekani. Maswali ya utambulisho ni ya Kiingereza na yanagusa historia yake ya huku, basi mtu akae naye, ila asimjibie.

Jambo jingine: ukishaandikisha utapokea barua yenye nembo kama ya serikali ikikutaka ulipie nakala ya hati yako. Usilipe. Nakala unapata kaunti yenyewe kwa pesa kidogo.