Parker 51 yenye kifuniko cha Marekani na mwili wa Uingereza: ni kalamu moja au tatu, na bei yake ni ipi?

Wino_Kibuye (Kisumu)

Habari zenu wanajukwaa. Nina kalamu ya wino iliyotoka kwenye meza ya vitu vya zamani pale Kibuye, siku ya Jumapili. Muuzaji aliiita "Parker ya dhahabu". Kifuniko kina rangi ya dhahabu na mistari ya wima, klipu ni mshale wenye kijialmasi cha buluu upande wa juu. Karibu na ukingo pameandikwa MADE IN U.S.A. na 1/10 16K. Mwili ni mweusi, umechapwa MADE IN ENGLAND. Nikiufungua, ndani kuna ganda la chuma lenye kibao cha kubonyeza. Nibu imefichwa, inachungulia ncha tu. Ganda la mbele, lile linaloficha nibu, ukiliweka juani lina ububuluu ambao mwili hauna. Kifuniko kinaingia lakini kinazunguka tu, hakikazi.

Sonara mmoja mjini anataka kuinunua kwa uzito wa dhahabu. Nimpe? Na nikiiuza nzima, niitaje vipi na kwa bei gani?

FundiKalamu_Nakuru

Ndugu, usimpe sonara kwanza. Tuisome.

Kibao cha kubonyeza ndicho kinachotoa jibu kubwa. Parker 51 ilianza kuuzwa 1941 ikiwa na mfumo wa Vacumatic: nyuma ya mwili kuna kofia ndogo inayofunguka, chini yake kijiti cha kusukuma. Mwaka 1948 ukaja mfumo wa Aerometric, ambao ndio wako: mwili mzima hauna kiungo nyuma, na kifuko cha wino kimekaa ndani ya ganda la chuma. Kwa hiyo mwili na injini ni vya 1948 au baadaye, na kwa chapa hiyo ni kazi ya kiwanda cha Newhaven, Uingereza.

Sasa kile kijialmasi cha buluu. Ilikuwa alama ya dhamana ya Parker, na iliachwa kuwekwa kwenye klipu wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kifuniko cha Marekani chenye almasi juu ya mwili wa Aerometric wa Uingereza hakikutoka dukani hivyo. Kimetoka kwenye Vacumatic. Vifuniko vya ukubwa wa kawaida huingiliana kwenye mifumo yote miwili, ndiyo maana mchanganyiko huu hukutwa mara nyingi: mtu amepoteza kifuniko, fundi akachukua cha kalamu iliyokufa.

Kuzunguka si kasoro. Kifuniko cha 51 hakina hesi. Ndani kuna vidole vya chuma vinavyobana pete ya chuma iliyo kati ya mwili na ganda la mbele. Jaribu hivi: funga, shika kifuniko huku kalamu ikining'inia, tikisa polepole juu ya kitambaa. Ikidondoka, vidole vimelegea. Usivipinde na bisibisi, huvunjika.

Rangi ya ganda la mbele iangalie saa sita mchana, kando ya dirisha, si chini ya taa. Kulikuwa na buluu ya usiku, Midnight Blue, ambayo ndani ya nyumba ungeapa ni nyeusi. Ikiwa ndiyo, una vipande vya kalamu tatu.

Karatasi_na_Wino (Kakamega)

Naongeza hapo kwa sonara. Ile 1/10 16K haimaanishi kifuniko ni cha dhahabu ya 16K. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wa chuma ni tabaka la dhahabu ya 16K, kwingine ni chuma cha kawaida. Piga hesabu: 16 kwa 24, gawanya kwa 10, unapata asilimia 6.7. Kifuniko cha gramu 9 kingekuwa na dhahabu gramu 0.6 kwa wingi zaidi, kabla ya kutoa klipu, vidole vya ndani, na iliyolika kwa miaka ya kufutwa. Nibu ni dhahabu kweli, 14K, lakini ni kijibomba chembamba mno. Sonara akiyeyusha, wewe unapoteza kalamu na yeye anapata vumbi.

Tena usiisugue na Brasso. Inakula tabaka hilo, kisha shaba ya manjano inajitokeza kwenye ukingo na mgongoni mwa klipu. Hapo ndipo wanunuzi huangalia kwanza. Kitambaa laini na tone la sabuni ya vyombo vinatosha.

Hakikisha pia kwamba mbele si Hero. Hero 616 ya Shanghai ilijaa mashuleni na maofisini kwetu, na imeigizwa kutoka 51. Nibu yake ni chuma.

Wino_Kibuye

Asanteni sana. Nimeangalia mchana: ganda la mbele ni buluu kabisa. Kifuniko hakidondoki, kina kibonyeo kimoja kidogo karibu na ukingo. Nimejaribu kuvuta maji, nikayatoa kwenye sindano ya duka la dawa: mililita 0.4 tu. Ni kifuko kimekufa?

FundiKalamu_Nakuru

Huenda kifuko ni kizima. Cha Aerometric ni plastiki ya PVC, hudumu miongo. Kiangalie kwenye mwanga: kikiwa na rangi ya chai lakini kinarudi ukikiachia, ni sawa. Kikiwa kigumu au kina ufa, badilisha. Kizima hukaribia mililita 1. Kinachopunguza mara nyingi ni kijimrija cha hewa kilicho ndani yake. Vya mwanzo vilikuwa vya fedha na wino huvila. Kikikatika, kifuko hujaa hadi pale kilipokatikia tu.

Lakini kwanza ondoa wino mkavu. Loweka sehemu ya mbele, bila mwili, kwenye maji baridi usiku mzima. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa, yale yasiyo na asidi, maana maji ya visima vya huku Nakuru huacha chumvi. Asubuhi bonyeza mara kumi, mwaga, rudia hadi maji yawe meupe. Wino ukikwama, changanya amonia ya usafi sehemu moja kwa kumi ya maji, loweka nusu saa, suuza. Usitie spiriti. Mwili wa 51 ni akriliki, na spiriti huitia nyufa ndogondogo kama utando wa buibui ambazo hazifutiki. Wala usichemshe.

Ganda la mbele usilifungue bado. Limegundishwa kwa gundi ya shelaki na huhitaji joto la nyuzi 60 hivi la kikausha nywele, likizungushwa bila kutulia mahali pamoja, kisha unashika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Koleo hapana. Tatizo kubwa ni wakati wa kurudisha: mdomo wa ganda usipolala sawasawa juu ya nibu, wino unakatika, na mtu hudhani nibu imeharibika.

Karatasi_na_Wino (Kakamega)

Kuhusu bei, mimi naipanga kwa vipande. Aerometric kamili, inayoandika vizuri, sehemu zote za kwake, huko nje naiona kati ya dola 60 na 120. Tazama bei za zilizouzwa tayari, si zinazoombwa. Yako nzima, ikishavuta vizuri, ningeiwekea shilingi 6,000 hadi 7,000 kama kalamu ya kuandikia.

Kifuniko peke yake mwenye Vacumatic anakitafuta. Bila kibonyeo ningesema 5,000. Kwa kibonyeo hicho kimoja, 3,500.

FundiKalamu_Nakuru

Mimi sikubali kuigawa kabla ya kupata kifuniko cha chuma cha Uingereza cha kuweka mahali pake. Mwili bila kifuniko unauzwa kwa bei ya vipuri, na ncha isiyofunikwa hupinda siku ya kwanza mfukoni. Kipate kwanza, ndipo uachie cha dhahabu.

Ukiuza leo, andika wazi: mwili na mfumo Aerometric, Uingereza, ganda la mbele buluu, la kalamu nyingine, kifuniko cha Vacumatic, Marekani, kibonyeo kimoja. Piga picha ya kijialmasi, ya chapa zote mbili, ya ganda la mbele juani, na ya ncha kutoka mbele kwa lenzi ya fundi wa saa ili mnunuzi aone kama pande mbili za nibu ziko usawa. Ukiziacha hizo, atakupigia siku ya pili akitaka pesa zake.

Wino_Kibuye

Nimeilowesha tangu jana usiku kwa maji ya betri. Maji ya kwanza yalikuwa ya buluu, ya pili ya zambarau. Sasa inavuta 0.7.

FundiKalamu_Nakuru

Basi mrija upo, ulizibwa. Endelea siku mbili zaidi kabla ya kugusa kitu kingine.