Siku ya kuwasaidia majirani kufaili ritani kabla ya 30 Juni: tujipange vipi? (Nakuru)

Katibu_Kaptembwo

Ndugu zangu, hamjambo. Kikundi cha wakaazi hapa Kaptembwo kimetenga Jumamosi mbili za mwezi wa Juni kuwasaidia majirani kufaili ritani za mwaka 2025, yaani taarifa za kipato kwa mamlaka ya ushuru, KRA. Tuna laptopu mbili, printa moja na ukumbi wa kanisa. Waliojiandikisha wanakaribia 60, na ni mchanganyiko: vijana waliochukua PIN (namba ya mlipa ushuru) kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB na hawajapata kazi, walimu, akina mama wa mboga, wazee wawili wenye vyumba vya kupangisha, kijana mmoja mwenye ulemavu aliyeajiriwa, na wakongwe wanaouliza mambo ya Inua Jamii, fedha za serikali za kujikimu.

Naomba ushauri. Tuwapange vipi tusikwame asubuhi yote na mtu mmoja? Waje na nini? Na huyu mzee wa vyumba vitatu anasema aliambiwa yeye ni mdogo, ushuru haumhusu. Ni kweli?

Hesabu_Safi

Katibu, usiwapange kwa kufika. Wapange kwa aina ya kipato, na uwaulize wiki moja kabla. Utapata mafungu manne: wasio na kipato chochote, wenye mshahara pekee, wenye biashara, na wenye mchanganyiko. Fungu la kwanza halihitaji laptopu zenu. Mtu wa nil, yaani asiye na kipato, anaweza kupiga *572# kwa simu yake mwenyewe akamaliza akiwa kwenye foleni. Hao muwatoe kwanza.

Lakini kabla ya kumwambia mtu "wewe ni nil", muulize mara mbili. Nil ni ya aliyekaa Januari hadi Desemba 2025 bila kipato. Aliyefanya kazi ya mkataba miezi miwili na akakatwa PAYE (ushuru wa mshahara) si nil, hata kama leo yuko nyumbani. Mwajiri alishapeleka jina lake kwa KRA, na ritani ya nil itagongana na taarifa hiyo.

Kijana mwenye PIN ambaye hajawahi kufaili, faini ni 2,000 kwa kila mwaka alioruka, au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Afaili miaka ya nyuma kwanza ndipo aje mwaka huu.

Vitu vya kuja navyo: kitambulisho, PIN, neno la siri la iTax (mfumo wa KRA wa mtandaoni), na simu inayofungua barua pepe iliyosajiliwa KRA. Hapo kwenye barua pepe ndipo mtapotezea muda. Wengi walifunguliwa PIN na saiba, na saiba ikaweka barua pepe yake. Mtu akisahau neno la siri, kiungo cha kulibadilisha kinaenda kwa mwenye saiba. Wa namna hiyo msiwangoje hadi Jumamosi. Watume mapema kwenye dawati la KRA lililo Huduma Centre ya Nakuru wakabadilishiwe barua pepe, na waende na kitambulisho wenyewe.

Mwalimu_Vihiga

Naongeza kuhusu P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na PAYE ya mwaka. Mwajiri anatakiwa awe ameshaitoa kufikia mwisho wa Februari. Mwenye mshahara pekee atumie fomu fupi ya mtandaoni, ile ya kipato cha ajira tu. Inajijaza yenyewe kutokana na alichopeleka mwajiri. Msibonyeze tu kwa kuwa imejaa. Linganisheni jumla ya mshahara na jumla ya PAYE na karatasi ya P9, mstari wa mwisho.

Kosa la kila mwaka: P9 ina safu ya ushuru uliokokotolewa na safu nyingine ya PAYE baada ya kutoa nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Anayejaza kwa mkono akichukua ile ya kwanza, mfumo unamwonyesha anaidai KRA 28,800. Anashangilia. Hiyo si pesa yake, na baadaye ataitwa aeleze.

Kwa mwaka 2025 angalieni pia kama makato ya bima ya afya (SHIF) ya asilimia 2.75 na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yaliondolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru kupigwa. Sheria hiyo ilianza mwishoni mwa Desemba 2024, na kuna waajiri wadogo waliochelewa kurekebisha. Mwenye mshahara wa 50,000 anakatwa 1,375 na 750, jumla 2,125. Yasipoondolewa kwanza, anatozwa asilimia 30 ya hizo, yaani 637.50 zaidi kila mwezi. Mwaka mzima hiyo ni 7,650.

Mkaazi_Nyalenda

Mwalimu amesahau walimu wenzake wa kazi mbili! Mtu ana kazi ya 40,000 mwaka mzima, halafu akafundisha jioni mahali pengine kwa 20,000 miezi mitano. Yule mwajiri wa pili alipiga hesabu: asilimia 10 ya 20,000 ni 2,000, akatoa nafuu ya 2,400, ikabaki sufuri. Hakukata kitu. Lakini nafuu ni moja kwa mtu mmoja. Mkijumlisha P9 zote mbili, ile 100,000 inakaa juu ya mshahara wa kwanza kwenye kiwango cha asilimia 30. Mtu anadaiwa 30,000 na hakuwa na habari.

Hizo ni takwimu za mshahara baada ya makato ya SHIF, nyumba na NSSF (akiba ya uzeeni), lakini picha ni hiyo.

Hesabu_Safi

Ni kweli. Na hapa ndipo watu wengi wanaumia: 30 Juni ni mwisho wa kufaili, si wa kulipa. Baki la ushuru wa mwaka lilitakiwa lilipwe kufikia 30 Aprili. Anayelipa Juni tayari ana nyongeza ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Asiogope akaacha kufaili. Afaili, atengeneze namba ya malipo, yaani PRN, alipe kwa Paybill 222222 akiweka PRN hiyo kama namba ya akaunti. Kama hana zote, aombe mpango wa kulipa kwa awamu ndani ya iTax.

Mpangishaji_Milimani

Mzee wa vyumba vitatu. Kwanza tutenganishe maneno, maana kwetu mpangaji analipa kodi na serikali nayo inadai kodi, watu wanachanganyikiwa. Hapa nitasema kodi kwa ya nyumba na ushuru kwa ya KRA.

Kodi ya nyumba za kuishi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ushuru ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, bila kutoa gharama, na unalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chini ya 288,000 mzee hayuko kwenye mpango huo. Aliyemwambia hivyo alisema nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba kodi hiyo inaingia kwenye ritani ya mwaka, pamoja na kipato chake kingine, kwa viwango vya kawaida.

Chukua vyumba vitatu vya 5,000. Mwaka ni 180,000. Kama mzee hana kipato kingine, atoe gharama, kinachobaki hakifiki 288,000, na nafuu ya 28,800 inameza ushuru wote. Anafaili, halipi kitu. Lakini kama bado ameajiriwa na mshahara wake umeshafika kiwango cha asilimia 30, na gharama zinazokubalika ni 60,000, atalipa 36,000 kwa ile 120,000 iliyobaki. Jirani yake anayekusanya 300,000 kwa mwaka analipa 22,500. Mwenye kidogo analipa zaidi ya mwenye kingi. Sikuitunga mimi hiyo.

Gharama zinazokubalika ni ukarabati, ushuru wa ardhi wa kaunti, mshahara wa mlinzi, na riba ya mkopo uliojengea nyumba hiyo. Kuongeza chumba cha nne si ukarabati, kwa hiyo hakiingii. Na karatasi ya kawaida ya duka la vifaa haitoshi tena, lazima iwe ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) yenye PIN ya mzee. Mshahara na riba ya benki havihitaji eTIMS, ila mkataba na taarifa ya benki viwepo. Tangu Januari 2026 KRA inalinganisha gharama zilizoandikwa na ankara zilizo kwenye mfumo wake, kwa hiyo msimkisie mzee "tuweke 80,000 ya rangi na mabati".

Huyu hatumii fomu fupi. Anashusha fomu ya Excel, na kwenye swali la kama ana kipato nje ya ajira anajibu Yes, ndipo ukurasa wa kodi unafunguka. Kabla ya kuifungua, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock. Msipofanya hivyo macro (amri zilizo ndani ya faili) hazitafanya kazi, na kile kitufe cha Validate kitakaa tu kama picha ukutani. Simu haifai kwa kazi hii.

Soko_Kongowea_Kisumu_Ndogo

Akina mama wa mboga wasifailiwe nil! Mauzo ya 3,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 936,000 kwa mwaka. Hajafika milioni moja, kwa hiyo ushuru wa mauzo wa asilimia 3 haumhusu. Anaandika mauzo, anatoa bei ya kununulia mzigo, usafiri na kibali cha kaunti, na faida ikiwa chini ya 288,000 hadaiwi kitu. Kufaili hivyo ni salama kuliko nil ambayo M-Pesa yake inaipinga.

Akiuza 4,000 kwa siku, mwaka unafika 1,248,000. Huyo ni asilimia 3 ya mauzo, 3,120 kwa mwezi, kufikia tarehe 20. Ni ya mauzo, si ya faida, na kwa muuza unga au sukari anayepata shilingi chache kwa pakiti hiyo inauma. Anaruhusiwa kumwandikia kamishna atoke kwenye mpango huo atozwe kwa faida, lakini basi awe na daftari la ununuzi na mauzo linaloeleweka.

Waambieni waje na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, na mtoe michango ya chama na pesa za watoto kabla ya kujumlisha. Si kila kilichoingia ni mauzo.

Katibu_Kaptembwo

Asanteni sana. Na yule kijana mwenye ulemavu? Ana kadi ya baraza la watu wenye ulemavu na mwajiri bado anamkata PAYE.

Mwalimu_Vihiga

Kadi pekee haimfungi mwajiri mikono. Kadi hiyo ya baraza (NCPWD) ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kuomba cheti cha msamaha kwa KRA kupitia iTax, akiambatisha kadi, ripoti ya tathmini ya hospitali ya serikali, barua ya mwajiri na hati ya mshahara ya karibuni. Akipata cheti, 150,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Ampe mwajiri nakala. Na ataendelea kufaili kila mwaka, akiandika namba ya cheti kwenye ritani. Wengi husahau hilo wakadhani msamaha ni wa kufaili pia, wakaishia na faini za 2,000.

Mkaazi_Nyalenda

Wakongwe wa Inua Jamii wawekeeni meza ya pembeni, mbali na laptopu, maana hawahitaji iTax. Fedha hizo ni 2,000 kwa mwezi na hazitozwi ushuru. Ni za wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, nyumba zenye mayatima, na wenye ulemavu mkali. Usajili unapita kwa chifu na naibu wake, na majina husomwa barazani ili watu wa mtaa wathibitishe. Hakuna ada. Anayeombwa "mia tano ya fomu" apige 1533, ni bure. Asiyeweza kutoka nyumbani anaandikisha mlezi wa kumchukulia, na mlezi huyo awe na kitambulisho chake.

Meza hiyo hiyo iwasaidie na SHA (bima ya afya ya serikali) kwa *147#. Waelezeni kwamba mtu asiye na ajira analipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600.

Katibu_Kaptembwo

Swali la mwisho. Wengine wanataka tu watuachie neno la siri tuwafailie jioni, wao waende sokoni.

Hesabu_Safi

Kataeni. Mwenye ritani akae pale, aandike neno la siri mwenyewe, asome takwimu kabla ya kutuma, maana tamko ni lake. Kwenye laptopu zenu zimeni ile huduma ya kivinjari ya kuhifadhi maneno ya siri, na mtoke kwenye akaunti kabla ya kumwita anayefuata. Mfumo ukizorota, na wiki ya mwisho ya Juni huzorota, usibonyeze kutuma mara mbili. Angalia kwanza kwenye orodha ya ritani zilizotumwa kama ya kwanza ilipita. Halafu shusheni risiti, mchapishe mbili: moja ya mwenyewe, na moja akabandike kwenye daftari la biashara. Nyinyi msibaki na nakala yoyote. Na Jumamosi zenu ziwe mbili za mwanzo wa mwezi, tarehe 6 na 13, si 20 na 27.