Kwotabeki bora wa muda wote NFL: tuhesabu pete au tuangalie mpira wenyewe? Na baada ya Mahomes nani?

Kijana wa Sinza
Wakuu habari za muda huu. Najua jukwaa hili asilimia kubwa ni Simba, Yanga na ligi ya Uingereza, ila najua pia humu kuna wenzangu mnaokesha na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, maana Supa Boli, fainali yake, kwa saa zetu inaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu na kuna watu hapa Dar wanaiona yote halafu asubuhi wako kwenye foleni ya Ubungo wanaenda kazini.

Nina hoja, naomba tuijadili kwa ushahidi. Kila mjadala wa kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) bora wa muda wote unaishia sehemu moja, Tom Brady, pete 7 za ubingwa, basi, watu wanafunga mlango. Mi nasema mlango haujafungwa. Pete ni ya timu. Kwotabeki hakabi, hapigi mateke ya pointi 3, na hawezi kujilinda mwenyewe wale majitu wa mbele wakizidiwa.

Mfano mzuri ni Brady huyohuyo. Februari 2018 fainali na Eagles alipiga pasi za yadi 505, hakuna mtu mwingine amewahi kufikisha hizo kwenye Supa Boli, na tachidauni 3 juu (yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani), akafungwa 41-33. Mwaka mmoja mbele, Februari 2019, anacheza na Rams hakupiga pasi hata moja ya tachidauni, mabeki wake wakawabana Rams wakaambulia pointi 3 tu, mechi ikaisha 13-3 akavishwa pete. Sasa niambieni usiku upi alicheza mpira mkubwa? Ukihesabu pete ni ule wa pili. Mimi niliyeangalia zote mbili nasema ni ule wa kwanza na wala hazikaribiani.

Ndo maana naumia Dan Marino anapotolewa hata kwenye kumi bora kisa hana pete. Mwaka 1984, msimu wake wa pili tu kwenye ligi, jamaa alipiga yadi 5,084 na tachidauni 48, enzi ambazo mtu akifikisha tachidauni 30 anaongelewa mwaka mzima. Rekodi ile ya yadi ilikaa mpaka 2011. Akaenda Supa Boli mara moja, akakutana na Joe Montana wa San Francisco akapigwa 38-16, hakurudi tena. Kwangu Marino yuko tatu bora. Karibuni.

Mzee wa Yadi
Kijana umeandika vizuri ila unamchukulia Brady kirahisi sana. Umechagua fainali mbili kati ya kumi. KUMI. Kuna timu hazijawahi kufika hata moja tangu ligi ianze na mtu mmoja kafika kumi.

Februari 2017 Falcons wanaongoza 28-3, robo ya tatu inakaribia kuisha, watu wameshazima TV wamelala. Brady akarudisha yote ile, ikaenda dakika za nyongeza, 34-28. Hiyo nayo utasema mabeki? Huyu mtu alichaguliwa wa 199 kwenye drafti ya 2000, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, timu zote zilimpita, na baadhi zilimpita mara sita. Halafu watu walikuwa wanasema ni Belichick, ni kocha, ni kocha, akahama New England akaenda Tampa Bay, mwaka wa kwanza tu akiwa na miaka 43 akabeba, na aliyemfunga kwenye fainali ni Patrick Mahomes wa Kansas City huyohuyo mnayemuimba, 31-9. Kocha yuleyule waliyesema ndo kila kitu alibaki New England na hakubeba kingine.

Mimi sihesabu pete peke yake, nahesabu miaka 23 mtu anaamka asubuhi anafanya kazi ileile kwa kiwango kilekile. Marino namheshimu sana, alikuwa na mkono wa ajabu, ila kumuweka jirani na Brady siwezi.

Binti Kigamboni
Kaka zangu nyote mnaongea kama vile mchezo ulikuwa mmoja miaka yote. Haukuwa mmoja.

Kabla ya 1978 beki alikuwa na uhuru mkubwa zaidi wa kumsukuma na kumgonga mpokeaji kabla mpira haujarushwa. Mwaka huo wakabadilisha, ukipita yadi 5 humgusi, na wale wanaomlinda kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Kuanzia hapo ndo pasi zikaanza kuwa nyingi, Montana na Marino wote ni matunda ya sheria hiyo. Tukaja 2008, Brady akagongwa goti mechi ya kwanza ya msimu, akakaa nje mwaka mzima, 2009 wakakaza sheria kwamba hata beki aliyeanguka chini haruhusiwi kumrukia kwotabeki miguuni. Kila kizazi kinalindwa kuliko kilichopita, kwa hiyo ukiniwekea yadi za 2020 na yadi za 1975 kwenye karatasi moja unanidanganya hata kama namba zote ni za kweli.

Ndo maana mimi namba moja wangu ni Montana. Supa Boli 4, ushindi 4, tachidauni 11 na hakunyang'anywa mpira hewani hata mara moja, kwenye fainali zote nne. Januari 1989 wako nyuma ya Bengals kwa pointi 3, zimebaki dakika tatu na kitu, mpira uko yadi 8 tu kutoka mstari wao wenyewe, akaupeleka yadi 92 kwa utulivu kabisa, pasi kwa John Taylor zikiwa zimebaki sekunde 34. Brady alifungwa fainali tatu, Montana hajui kufungwa fainali kukoje.

Mwananyamala Kwanza
Naomba niweke jambo ambalo hakuna aliyeligusa na mimi linanigusa sana. Mnapopanga orodha ya zamani mnapanga wale walioruhusiwa kucheza.

Warren Moon. Januari 1978 chuo chake cha Washington kinabeba Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, na yeye ndo mchezaji bora wa mechi. Drafti ikaja, ilikuwa raundi 12 kipindi kile, hakuna timu hata moja iliyomchagua. Kijana mweusi akitaka kucheza kwotabeki walikuwa wanamwambia akimbie na mpira au awe mpokeaji, eti nafasi ya kufikiri si yake. Moon akakataa kubadilisha, akaenda Canada, Edmonton, akabeba ubingwa wa kule miaka mitano mfululizo. Amekuja kuingia NFL 1984 Houston akiwa na miaka 27, na bado akamaliza na yadi zaidi ya 49,000 na wakamuweka kwenye ukumbi wa magwiji 2006, kwotabeki wa kwanza mweusi kuingia pale. Miaka sita ya ujana wake haimo kwenye hesabu zenu za NFL.

Ukija kwa Doug Williams, naye kwotabeki mweusi, Januari 1988, timu yake ya NFL ya Washington wako nyuma 10-0 dhidi ya Denver, robo ya pili PEKE YAKE akapiga tachidauni 4, timu ikafunga pointi 35 kabla ya mapumziko, ikaisha 42-10. Mwaka mmoja huo ulitosha kufuta maneno ya miaka mingi, lakini imechukua mpaka Februari 2023 ndo tukaona kwotabeki weusi wawili wanaanza Supa Boli moja, Mahomes na Jalen Hurts. Na Lamar Jackson kwenye drafti ya 2018 bado kuna wataalamu walisema hadharani awe mpokeaji! Timu zikampita mpaka nafasi ya 32, mwaka uliofuata akawa MVP, mchezaji bora wa msimu, kwa kura zote, akaongeza nyingine 2023.

Kwa hiyo mtu akiniambia "bora wa muda wote" namuuliza, muda wote wa nani?

Dogo Temeke
Mi naomba kuuliza tu kwa heshima, nimeanza kufuatilia juzi juzi. Mahomes mnamuweka wapi na mbona Josh Allen wa Buffalo wanamsifia sana na hajabeba hata moja?

Kijana wa Sinza
Mwananyamala hilo ni zito na linaongeza nguvu hoja yangu, Moon hana pete na hakuna mtu anayeujua mpira atasema hakuwa fundi.

Dogo Temeke swali lako ndo lenyewe. Mahomes ana pete 3, Februari 2020, 2023 na 2024, na amefungwa fainali mbili, ya Brady 2021 na ya Eagles 2025 waliyompiga 40-22, hiyo ya mwisho walinzi wake walizidiwa tangu mwanzo hakupata hata nafasi ya kusimama vizuri.

Allen ndo ushahidi wangu mkubwa kuliko wote. Januari 2022, Buffalo na Kansas City. Allen kapiga tachidauni ya 4 kwa Gabriel Davis, wanaongoza 36-33, zimebaki sekunde 13. Kumi na tatu! Mahomes akapiga pasi mbili, wakapiga teke la pointi 3, ngoma sare. Dakika za nyongeza wakarusha shilingi, Kansas wakapata mpira kwanza, wakafunga tachidauni, mechi imeisha hapohapo, Allen hakugusa mpira. Ilileta kelele mpaka mwaka huohuo ligi ikabadilisha sheria ya mtoano kila timu ipate nafasi yake. Sasa huyu tumnyime heshima kisa shilingi iliangukia upande wa pili? Msimu wa 2024 kachukua MVP, na Kansas wamemtoa kwenye mtoano mara nne. Wakati ujao mimi namuweka yeye.

Mzee wa Yadi
Mara nne na mtu yuleyule, kijana wangu, hiyo siyo shilingi tena. Shilingi ni mara moja. Mkubwa ni yule anayempita mkubwa mwenzake, Brady alimfunga Mahomes, Allen kwenye mtoano bado. Akimpita Mahomes Januari moja tu nitakuja hapa mwenyewe kumuandika.

Wa mbele mi namuona Jayden Daniels wa Washington. Mwaka wake wa kwanza 2024 kaipeleka timu iliyokuwa hoi mpaka mechi moja kabla ya Supa Boli.

Binti Kigamboni
Mzee kwa Daniels nakuunga mkono ila na hofu juu. Timu ileile ya Washington 2012 walikuwa na Robert Griffin III, naye mchezaji bora chipukizi wa mwaka, naye anakimbia na mpira hana habari na mtu, Januari 2013 wakamwacha acheze mechi ya mtoano na goti bovu mbele ya Seattle, goti likaondoka na hakuwahi kuwa yule tena. Daniels ana mwili mwembamba na anakimbia vilevile. Wakimjengea ukuta wa kueleweka mbele na kumfundisha kuteleza chini mapema kabla hajagongwa, tutamuongelea miaka 15. Wasipofanya hivyo hata mkono wake uwe mzuri vipi hautamsaidia.